Sufuria ya Mama Elia

Siku ya kuagwa kazini pale Lushoto walinipa kitenge, wakanipa soda, wakaniomba niseme neno kwa vijana wanaoanza kazi ya utendaji wa kijiji. Nikasema asanteni kwa kitenge, nikakaa. Watu wakacheka wakidhani natania. Sikuwa natania. Neno nililokuwa nalo halikuwa la kusemwa mbele ya watu walioshika soda. Sasa niko nyumbani, magoti yananiuma, sina bosi wa kuniita, basi ngoja niliseme.

Mtapelekwa semina. Mtaambiwa madaraka yako mikononi mwa wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya mwisho kijijini. Ni kweli, imeandikwa. Baada ya chai mtaambiwa agizo la serikali halijadiliwi, linatekelezwa. Hiyo nayo ni kweli. Mtendaji anaajiriwa na wilaya lakini analala kijijini. Mwenyekiti anachaguliwa na wanakijiji, lakini akiitwa wilayani anakwenda mbio kama mimi tu. Wewe mtendaji ni kama mlango wa jikoni, kila anayeingia anakusukuma na kila anayetoka anakusukuma. Hilo hawatawaambia kwenye semina, kwa hiyo nawaambia mimi.

Kijiji nilichokaa muda mrefu kuliko vyote kiko mbele ya Gare, ukizidi kupanda. Jina lake siliandiki, wenyewe wakisoma watajijua. Kina barabara moja ya udongo iliyokatwa kwenye ubavu wa mlima. Juu ya barabara ni mashamba ya kabichi na viazi, chini yake ni nyumba. Pana mahali kijito kinashuka kutoka juu, kinapita chini ya barabara ndani ya kalavati, lile bomba la zege, kisha kinatokea upande wa pili na kuteremka kando ya boma la mzee mmoja aitwaye Zakaria na mkewe, Mama Elia. Kalavati lile likiziba, maji hayana njia nyingine ila kupanda barabarani na kuliangukia boma. Hakuna aliyehitaji kuelezwa jambo hilo, hata watoto wa chekechea walilijua.

Ndiyo maana tulikuwa na msaragambo. Kabla ya mvua kuanza, na tena zikipungua, kijiji kizima kilitoka kuzibua mitaro na kalavati. Zakaria ndiye aliyekuwa mpiga baragumu. Jioni alisimama kwenye kilima nyuma ya kanisa, akapuliza pembe lake, na kesho yake kila kaya ilitoa mtu mmoja na jembe. Hakuna aliyelipwa, na injinia hatukumhitaji. Tulichimba, tukapiga soga, wanawake wakaimba, saa sita tukarudi nyumbani.

Na asiyekuja? Hapo ndipo mwenyekiti wangu, Mzee Athumani, alinipa somo langu la kwanza la utawala. Nilikuwa mgeni, nimetoka chuoni, natembea na kalamu mbili mfukoni.

"Mama, kuku usichukue," aliniambia. "Atakufa mikononi mwako, utalaumiwa wewe. Jembe nalo usichukue, utakuwa umemnyima cha kufanyia kazi. Chukua sufuria. Ile kubwa, ya ugali."

"Na akikataa?"

"Hakatai mtu hapa. Sheria ni yake mwenyewe, aliinyoshea mkono kwenye mkutano."

Kweli hakuna aliyekataa. Sufuria ilikaa ofisini kwangu mpaka mwenyewe aje msaragambo mwingine afanye kazi siku mbili, ya deni na ya zamu. Pesa hatukupokea, maana Mzee Athumani alisema tukianza kupokea pesa, wenye nazo hawataonekana tena mtaroni. Mimi kwa ujuaji wangu nikaandika majina kwa chaki kwenye matako ya sufuria. Masizi yakala chaki, kina mama wawili wakagombea sufuria moja mpaka vilemba vikadondoka, nami katikati nikapata mkwaruzo wa shingo. Tangu hapo nikaandika kwa msumari. Nanyi mkishika mali ya mtu, wekeni alama isiyofutika, na muiweke mbele ya macho yake.

Siku moja alikuja mkubwa mmoja wa wilayani, akasimama mlangoni akitazama zile sufuria zilizopangwa ukutani. Akaniuliza, "Mama, hii ni ofisi au mgahawa?" Nikamjibu ni serikali ya kijiji. Akacheka, nami nikacheka. Nilikuwa najivunia sana, kusema kweli.

Msaragambo wa mwisho Mama Elia hakuja. Alikuwa ameteremka Mazinde kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa shida, na Zakaria, badala ya kushika jembe kwa niaba ya kaya, alikuwa na kazi yake ya kusimamia zamu. Kwa sheria zetu mpiga baragumu hakuhesabika kama mtu wa kaya yake, kwa kuwa alitumikia kijiji kizima. Kwa hiyo nilikwenda boma lile kuchukua sufuria. Mama Elia alikuwa amerudi usiku uliopita, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliisugua kwa majivu kwanza, akaipangusa kwa kanga, ndipo akanikabidhi.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Isije ikasemwa mke wa baragumu ana sheria yake."

Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Kwaya ya kanisa ilimwogopa kuliko ilivyomwogopa mchungaji.

Sasa njooni kwenye agizo, na niwe mkweli kwalo. Halikutoka hewani. Kijiji kimoja cha chini kilikuwa kimeikata barabara katikati ili kupitisha mpira wa maji, wakafukia ovyo, na lori la kabichi likazama pale na kupinduka. Utingo wake alikatwa mguu. Waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika. Tukaitwa Lushoto watendaji wote, tukaambiwa kwamba kuanzia siku ile barabara zote, pamoja na zetu hizi za udongo, zimetoka mikononi mwa vijiji na halmashauri na kuhamia ofisi ya barabara ya serikali kuu. Marufuku mtu kugusa barabara, mtaro wala kalavati bila kibali. Atakayekutwa na jembe barabarani atakamatwa, na mtendaji wake atajieleza.

Nilinyosha mkono. "Na mitaro ya juu, inayoanzia kwenye mashamba ya watu?"

"Mtaro unaomwaga maji barabarani ni wa barabara," nikajibiwa.

"Na mvua zikianza?"

"Serikali ipo, mama."

Ukipewa agizo, vijana, lifikishe likiwa moto. Usilale nalo ukidhani asubuhi litakuwa limelainika. Wanakijiji wakilisikia kwa mtu mwingine kabla yako, umekwisha. Lakini pia tazama siku. Usiite mkutano siku ya soko, watakuja wazee na walevi tu. Na mkiwa mkutanoni, sikilizeni kelele kwa makini. Watu wakipiga kelele, wako nanyi, wanataka tu kuombwa. Wakinyamaza, shikeni viti vyenu.

Nilipomaliza kulisoma agizo, walinyamaza.

Kisha akasimama Zakaria, pembe lake limening'inia begani. "Ndugu mwenyekiti, barabara hii baba zetu waliichimba kwa mikono, kuanzia kule kanisani mpaka kwenye mikaratusi. Leo tumeambiwa si yetu. Haya. Kama si yetu, basi tusiiguse hata jani. Walioichukua waje wenyewe na majembe yao!"

Hapo sasa kelele zikaja. Makofi, vigelegele, vijana wakigonga mabati ya ukumbi.

Mzee Athumani alisubiri wanyamaze, kisha akamwita kwa heshima ya Kisambaa. "Mgosi, kalavati lile liko juu ya paa lako."

"Liko juu ya paa langu," Zakaria akasema, "lakini si langu. Mama Mtendaji ametusomea hapa, tumesikia wote."

Huku kwetu tunajua kususa, nami ni mtoto wa huku huku, nasema ninachokijua. Mtu wa milimani akisusa chakula atalala na njaa na asubuhi ataamka anaimba. Mikono ikanyoshwa, ukumbi mzima. Wilaya imekataza kugusa, na kijiji kimeamua hakigusi. Kwenye muhtasari lilisomeka vizuri sana: mkutano mkuu umepokea agizo na kuazimia kulitekeleza kikamilifu. Wilayani walinisifu. Sijawahi kuona serikali kuu na serikali ya kijiji zikikubaliana namna ile, na zote mbili zilikuwa zimekasirika.

Mkono wa Mama Elia pekee ndio uliobaki mapajani. Tulipotoka nje alinishika kiwiko.

"Wamesusa," akasema. "Sawa. Sasa maji yatapita wapi?"

Nilimwambia nitakwenda Lushoto kuomba kibali.

Wiki ile ile watu walianza kuja ofisini kuchukua sufuria zao. Msaragambo umekufa, walisema, na deni lake limekufa. Niliwapa, ningewazuia kwa sheria ipi? Ukuta ukabaki mtupu, sufuria moja tu. Nikamtumia Mama Elia salamu aje achukue yake. Akaja mpaka mlangoni, hakuingia.

"Sijaifanyia kazi, nitaichukuaje?"

"Mama, hakuna kazi tena. Imekatazwa."

"Itarudi. Hawawezi kutuacha hivi. Siku mkiita, nitakuja nifanye siku zangu mbili, ndipo nitaichukua." Akaitazama pale ukutani. "Ila usiipikie, wewe. Nakujua unapenda maharage."

Tulicheka wote wawili. Akawa anapikia sufuria ya kuazima kwa wifi yake.

Nilikwenda Lushoto. Injinia wa barabara alikuwa kijana, mwenye heshima, aliniamkia shikamoo kabla sijakaa. Msije mkadhani nawasimulia habari ya mtu mbaya. Alipanda gari akaja nami mpaka kwenye kalavati, akavua viatu, akaingia mtoni, akapiga magoti akachungulia ndani. Ilikuwa kiangazi, lakini nusu ya mdomo ilikuwa tayari imejaa mchanga na mizizi ya viazi iliyosombwa kutoka mashambani.

"Hili ni dogo, mama," alisema. "Hata likiwa safi ni dogo. Linatakiwa mara mbili ya hili. Nimeshaliweka kwenye mpango."

"Na mpango uko wapi?"

"Mkoani. Ukitoka mkoani unakwenda juu."

"Basi turuhusu tulizibue tu wakati tukisubiri. Asubuhi moja inatosha."

Alijifuta matope mikononi muda mrefu. "Kibali sitoi mimi, mama. Natamani ningekuwa natoa. Wa mkoani wameniambia wanasubiri mwongozo, na mwongozo unatoka juu."

Mimi nimezaliwa milimani, juu nimezoea, lakini juu ile sijawahi kuiona mpaka nastaafu. Niliandika maombi ya kibali, nikaandika tena. Jibu lilikuwa kwamba maombi yamepokelewa. Mkikutana na neno hilo, vijana, msifurahi. Kupokelewa si kujibiwa. Panda gari, nenda ukakae kwenye benchi lao mpaka wakuchoke. Mimi nilikaa mpaka mlinzi akawa ananiletea kiti chake, na bado sikupata. Kukaa kwenye benchi ni njia nzuri, nami naipendekeza, lakini si dawa ya kila ugonjwa.

Nilirudi kwa Mzee Athumani, nikamwomba aite mkutano, wanakijiji wabadili azimio, tuwe na neno la kupeleka mbele. Aliuita. Watu wakaja, lakini Zakaria alisema kijiji hakiombi kwa kupiga magoti, na wengi wakawa upande wake. Nilipita nyumba kwa nyumba. Kila mmoja aliniambia, "Mama, kweli linaziba," kisha akaniambia, "Lakini si letu." Walisema kama watu waliokubaliana.

Masika ikaingia kwa fujo. Ilinyesha mchana na usiku, ukungu ukakaa mlimani hata ng'ombe wakawa hawaonekani zizini. Asubuhi moja, watoto wakiwa njiani kwenda shule, nilisikia mlio nikadhani ni lori limekwama. Halikuwa lori. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya barabara, yakapanda, yakapita juu, na ukingo wa barabara ukaachia wote kwa mara moja. Zakaria alikuwa zizini upande wa juu wa barabara, akikata majani ya ng'ombe. Mama Elia alikuwa jikoni anawasha moto wa uji.

Kengele ya kanisa ndiyo iliyotuita. Baragumu lilikuwa limetundikwa ndani ya nyumba, na nyumba haikuwepo. Tulifika na majembe, machepeo, karai, wengine kwa mikono mitupu. Tulichimba barabarani, tulichimba mtaroni, tulichimba kila mahali palipokatazwa, na hakuna aliyeuliza kibali. Tulimpata Mama Elia mchana. Mzee Athumani, Mwislamu wa swala tano, alivua koti lake akamfunika, na akabaki amepiga magoti kwenye tope akilia kwa sauti kama mtoto. Nami nililia. Sikumbuki mengi ya siku ile zaidi ya hayo na baridi.

Kwenye mazishi walikuja wakubwa. Mmoja alisema ni kazi ya Mungu. Mwingine alisema wananchi waache kujenga mabondeni. Kila mmoja akatoa pole kwa niaba ya ofisi yake. Injinia alikuja peke yake, bila gari la ofisi, akasimama nyuma kabisa kwenye migomba, na watu walipotawanyika akanifuata. Aliniamkia tu shikamoo, ingawa alikuwa ameniamkia asubuhi. Nikaipokea.

Zakaria hakulia mbele za watu. Aliketi kwa kaka yake alikopewa chumba, akirudia maneno yale yale kwa kila aliyekuja kumpa pole. "Mimi ndiye niliyesema waje wenyewe." Watu walimwambia si kosa lako, mgosi, ni lao. Wengine pembeni walisema ni lake. Mpaka leo kijiji hakijamaliza kubishana.

Baada ya matanga nilikumbuka sufuria. Nilikuwa nimeipita ukutani siku zote zile bila kuiona. Katika boma lote, kijiko hakikupatikana, Biblia haikupatikana, picha ya harusi haikupatikana. Kitu pekee cha Mama Elia kilichobaki juu ya ardhi ni kile ambacho serikali ya kijiji ilimnyang'anya. Niliisugua kwa majivu, nikaipangusa, nikaifunga kwenye kanga yangu, nikampelekea mumewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akaitazama, akaitambua kabla sijaifungua. Hakuipokea. "Siku zake mbili amezifanya?"

"Baba, jamani."

"Nimekuuliza."

"Hakuzifanya. Hatukuita tena."

"Basi haijakombolewa. Alikwambia mwenyewe ataifanyia kazi. Usimfanye mwongo."

Akaingia ndani, akatoka na jembe la kaka yake.

Ofisi ya barabara ilikuwa imeshafukia pale palipokatika, ikaweka lile lile kalavati dogo, wakisema ni kwa muda. Kando yake walisimika kibao: hifadhi ya barabara, usiguse. Zakaria alipita kibao, akashuka mtaroni, akaanza kuchimba. Nilijua kazi yangu ilikuwa ni nini. Agizo lilikuwa bado halijafutwa, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia aache. Niliketi kwenye ukingo, sufuria mapajani. Gari la ofisi likapita, likapunguza mwendo, dereva akatutazama, likaenda zake.

Watu wachache walisimama juu kwenye mashamba, wakitazama. Hakuna aliyeshuka. Nilidhani watashuka, nawaambia ukweli, nilisubiri mpaka saa sita nikidhani watashuka. Siku ya pili alirudi, nami nikarudi na sufuria, na wale wa juu walikuwa wameshachoka kutazama, wamekwenda kupalilia.

Alipomaliza aliosha jembe kwenye kijito, akaja akasimama mbele yangu. 

"Barabara ni ya kwao," alisema. "Mtaro ni wa kwao. Maji sijui ni ya nani. Hii sufuria je, Mama Mtendaji? Ni ya wilaya, ya kijiji, au yangu?"

"Yako, baba."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akapapasa jina nililoandika kwa msumari. Kisha akashika njia ya kwenda kwa kaka yake, maana kwake hakukuwa na mafiga ya kuiweka.